Kambale Anahesabu Watano

Nairobi, Kawangware,
Jumapili baada ya misa

Papa yangu mpendwa,

Kabla ya salamu, geuza bahasha uitazame tena. Nimeifunga kwa gundi, halafu nikaishona kwa mkono, uzi mwekundu, mishono kumi na miwili. Gundi peke yake siiamini, inafunguka kwa mvuke wa birika. Ukikuta mishono kumi na mmoja, au uzi wa rangi nyingine, ujue Mzee Musafiri aliyekuletea amesoma kabla yako, na umwulize mbele ya Mama ili asipate pa kukimbilia. Ni mtu mzuri, amepitisha mizigo ya watu mpakani Kasindi miaka yote hii bila kupoteza hata kifurushi, lakini wema wa namna hiyo ndio unaonitia shaka.

Haya, sasa salamu. Goti lako linasemaje na baridi hii ya Butembo? Mama bado anakohoa asubuhi, au ile dawa aliyoletewa na Kavira imemsaidia? Na paa la jikoni, fundi alirudi kulimaliza au alikula chakula chenu akapotea? Mimi ni mzima. Nashona Jumatatu hadi Jumamosi, nguo za harusi za Wakongo wenzetu, na mwenye karakana ananipenda, jambo ambalo bado nalichunguza. Sikupiga simu kwa sababu mbili. Ya kwanza, simu ya Mama inakaa mikononi mwa Kavira, na Kavira hapokei tena nikipiga mimi. Ya pili, mambo ya porini hayasemwi kwenye simu. Wewe unajua.

Uliniuliza swali moja: "Masika, huyu Kambale ni mtu au si mtu?" Najua barua hii itasomwa mbele ya baba zangu wadogo, na wengine hawajui habari ilianzia wapi, kwa hiyo nitaanza mwanzo. Wewe univumilie.

Kambale ni yule kijana wa Kamango anayeendesha magari ya watalii hapa Nairobi. Alipokuja Butembo kumtafutia baba yake dawa, aliingia kwenye farmasi anapofanya kazi mdogo wangu Kavira, akatoka na dawa na namba ya simu. Baadaye akaja nyumbani na mjomba wake kujitambulisha, mkampa kiti, mkamsikiliza, mkakubali. Tangu siku ile mwaka umepita na zaidi, na hakuna hata mbuzi mmoja wa mahari aliyelia uani kwetu. Kila mkiuliza, jibu ni "bado kidogo." Ndipo ukasema: ama mbuzi wafike kabla ya Pasaka, ama Kavira ayasikilize maneno ya yule mfanyabiashara wa Kayna mwenye lori. Ukanipa mimi kazi ya kumchunguza Kambale, kwa sababu niko naye mji mmoja, na kwa sababu, maneno yako mwenyewe, nina jicho baya.

Nilimchunguza, Papa. Nilimchunguza mpaka nikakosea, na kosa langu utalikuta humu humu, sitalificha.

Mara ya kwanza nilimwita kwangu kula. Nikapika fufu na sombe, nikamwekea nyama kubwa, maana mtu akishiba mdomo unalegea. Alinawa vizuri, akasali kabla ya kula, akasifu sombe. Alikuwa safi mno. Shati limepigwa pasi mpaka kwenye mikono. Nikamwuliza, "Kwenu muko bangapi?" Akajibu, "Ni miye tu na Papa. Mama alisha kufa."

Hapo nikaweka kijiko chini. Mtu anaitwa Kambale, na anasema yuko peke yake! Kwetu Kambale hazaliwi wa kwanza. Wa kwanza wa kiume ni Paluku, wa pili ndiye Kambale, hata mtoto anayejifunza kutembea anajua. Sasa Paluku wake yuko wapi? Kama amekufa, mtu husema amekufa. Kama amesafiri, mtu husema amesafiri. Nikamwuliza wazi, "Na Paluku?" Akaitazama fufu, akakata tonge, akalizungusha kwenye mboga mpaka likavunjika. Akasema, "Dada, sombe iko muzuri sana." Nikajiambia: ama ana ndugu aliyewafuata wale wauaji wa porini na anamficha, ama si Munande kabisa, jina ameliokota njiani ili tumwone wa kwetu. Usiku ule sikulala vizuri.

Jumapili iliyofuata akasema gari la kazini halina wageni, bosi wake amemruhusu, atatutembeza kwenye hifadhi iliyoko hapa hapa Nairobi. Bure. Papa, mtu wa kwetu akiambiwa "njoo nikupeleke msituni, bure", anafanya nini? Anafunga mlango. Lakini nilikuwa kazini mwako, nikasema twende. Nikamchukua Mama Njeri, mwenye nyumba ninayopanga, mwanamke mpana anayejua kupiga kelele, pamoja na binti yake Njeri anayesoma chuo. Nikamwachia jirani namba ya gari imeandikwa kwenye karatasi.

Sijui nikuelezeje hifadhi ile. Unatoka kwenye msongamano wa magari, unapita geti, na dakika chache tu uko kwenye majani marefu. Twiga amesimama anatafuna, na nyuma ya shingo yake unaona maghorofa ya mji, madirisha yanang'aa. Nikatafuta kamba aliyofungwa, sikuiona. Nikauliza kama kuna uzio, wakaniambia uko, ila upande wa kusini pako wazi ili wanyama wapite. Pako wazi! Simba mwenye akili zake anakaa karibu na kelele zile zote wakati mlango uko wazi? Mama Njeri akacheka, "Masika, hata simba wanapenda town." Mimi sikucheka. Kitu kinachoweza kuondoka kikabaki, lazima kina sababu, na nilitaka kuijua.

Lakini zaidi ya simba nilikuwa namtazama dereva. Nikaona mambo matatu. Kila aliposimamisha gari, kwanza aligeuza pua ya gari ielekee tulikotoka. Ufunguo hakuuacha hata mara moja, alipotoka kufuta kioo aliuweka ndani ya soksi. Na tuliposhuka mahali pale watu wanaporuhusiwa kunyoosha miguu, wakati wa kurudi garini alisimama mlangoni akatuhesabu kwa sauti ya chini, kidole kikitembea: "Moya, mbili, tatu, ine, tano."

Tulikuwa wanne, Papa. Mama Njeri, Njeri, mimi, na yeye mwenyewe. Nikahesabu kwa vidole vyangu ndani ya mkoba asinione. Wanne. Nikageuka kutazama kiti cha nyuma, kulikuwa na koti la Njeri na chupa ya maji. Saa moja baadaye, kwenye bwawa la viboko, ikawa vile vile: "ine, tano", ndipo akafunga mlango. Nikaanza rozari kimya kimya. Sasa nilikuwa na mwanaume asiye na Paluku, anayepaki gari kama mwizi, anayehesabu mtu tusiyemwona.

Baada ya hapo nikataka kuona anapolala. Sikumwambia nakuja. Anapanga chumba kule Rongai, ng'ambo ya hifadhi, nikamkuta anafua. Alifurahi, akakimbia kununua soda, nami nikapata nafasi. Chumba kina vitanda viwili, vyote vimetandikwa. Sahani mbili, vikombe viwili, taulo mbili, moja haijawahi kuguswa na maji. Na chini ya kitanda cha pili, Papa, mabuti mapya ya mpira, madogo. Nikayapima na ya kwake yaliyokuwa mlangoni. Yalikuwa mafupi kwa vidole viwili kamili. Nikayapima na mguu wangu, yakanikaa.

Aliporudi na soda nikauliza, "Hii kitanda ni ya nani?"

"Ya mugeni, dada."

"Mugeni gani anaachaka mabuti?"

Akaweka chupa mezani, akachukua kifungulio, akachelewa sana kuifungua. "Atakuya tu," akasema.

Mwanamke! Nilikuwa na hakika sasa, kwa sababu miguu ile haikuwa ya mwanaume wa urefu wake. Ndiyo maana mbuzi hawatembei: ameoa hapa, Kavira ni wa kupigiwa simu tu. Na hapa ndipo nilipofanya lile kosa. Sikungoja kukuandikia. Nilisimama kituoni, vumbi linapiga, nikampigia Kavira nikamwambia yote, vitanda, sahani, mabuti. Nikamwambia, "Iko na bibi, mudogo yangu. Nimeona na macho yangu." Hakulia. Alishukuru tu, "merci, dada," akakata. Nilijiona shujaa mpaka nikafika nyumbani.

Ulipoandika kwamba Kavira hali mezani na wenzake, kwamba amenyoa nywele na hataki kusema kwa nini, sababu ilikuwa mimi. Sasa unajua.

Kambale hakujua. Alikuja karakana wiki iliyofuata, macho mekundu, akaniuliza mbele ya wenzangu wote, "Dada, Kavira hapana pokea tena simu yangu. Nilikosa nini?" Nikamwambia akijibu swali langu nami nitamjibu lake, lakini si hapo kati ya mashine. Akasema Jumapili anapeleka gari Naivasha, anawachukua wageni kesho yake, twende naye mchana tuzungumze, na Mama Njeri aje na binti kama nataka mashahidi. Alisema "mashahidi" bila kukasirika. Hilo pia sikulipenda.

Naivasha kuna ziwa, na karibu na ziwa kuna hifadhi nyingine ambayo wenyeji wanaiita Mlango wa Jehanamu. Mama asisikie jina hilo, atanitumia maji ya baraka kwa Mzee Musafiri. Na sababu ya kwenda huko, Papa, kaa chini kwanza: watu wanalipa ili watembee kwa miguu kati ya wanyama. Kwa miguu! Wengine wanakodi baiskeli getini na kuingia wanaimba. Nilisimama pale nikafikiri juu ya watu wa Beni waliokimbia vijiji, wakaacha mashamba ya kakao yanaoza, ili tu wasiingie kwenye majani marefu, nami hapa ninakatiwa tiketi ya kuyaingia. Miguu ilikataa. Mama Njeri akanishika mkono akanivuta.

Njeri alikodi baiskeli. Sisi watatu tukatembea, mimi katikati, Kambale akigeuka nyuma kila hatua kumi. Kuna mwamba mrefu umesimama peke yake kando ya njia, punda milia wanakula chini yake wala hawakutazami. Ngiri wanapita mikia juu. Pazuri, siwezi kusema uongo. Nilikuwa naanza kupanga maneno yangu ya mashtaka, ndipo Kambale aliposimama.

"Njeri iko wapi?"

Alikuwa ametangulia, akapinda nyuma ya mwamba. Kitu cha kawaida. Mama yake wala hakugeuka. Lakini Kambale aliita, "Njeri!" Akaita tena, "Njeri!" Nikaona jasho limemtoka juu ya mdomo, kwenye upepo ule wa baridi. Akatupa chupa ya maji na kofia, akaanza kukimbia, na mara ya tatu alipoita, hakuita Njeri.

Aliita, "Paluku!"

Aliita kwa sauti ambayo nimeisikia nyumbani tu, kwa akina mama wanaosimama ukingoni mwa shamba asubuhi wasiomwona mtu. Nikamkimbilia na viatu vyangu vya kanisani. Alijikwaa, suruali ikachanika gotini, akainuka bila kuitazama. Tulipozunguka mwamba, Njeri alikuwa amepiga magoti anampiga picha ngiri kwa simu. Kambale akamshika mabega mawili. Midomo inahesabu. Halafu akakaa chini katikati ya njia.

Mama Njeri akataka kugomba. Nikamwomba aende mbele kidogo na binti yake. Nikakaa chini kwenye vumbi na gauni langu la kitenge, nikamwuliza, wala si kwa ukali.

"Paluku ni nani?"

"Ni mukubwa yangu."

"Iko wapi?"

"Shida njo ile tu, dada. Sijue iko wapi."

Nakuandikia alivyonisimulia, maana nimeyarudia kichwani siku zote hizi. Walikuwa shambani kwao Kamango, wavulana wawili, wanavuna kakao. Kambale akashuka mtoni kuchota maji. Alipokuwa anapanda, akasikia sauti za watu asiowajua, akalala kifudifudi kwenye majani, karibu kiasi cha kuona miguu yao.

"Bakamuuliza, uko na nani? Paluku akajibu, 'Niko miye moya.' Bakamuonyesha panga yangu, nilikuwa niliachaka pale. Bakasema, na hii ya pili ni ya nani? Akasema, 'Zote mbili ni zangu. Moya imekufa makali.' Hata hakuangalia fasi nilikuwa. Alijua niko pale, dada, alijua. Bakamufunga mikono, bakaenda naye. Na miye nikalala tu. Nilikuwa na jerikani ya mayi mu mukono, na nikalala tu."

Tangu hapo hakuna aliyemwona. Hakuna mwili, hakuna kaburi, hakuna matanga yaliyokaliwa. Baba yao alikimbilia Mutwanga, yupo hadi leo, nyumba ya kupanga, na mbuzi wachache aliofanikiwa kuwatoa. Na hapo ndipo kuna jibu la mwaka wetu mzima wa kungoja. Yule mzee anasema mbuzi wa Paluku ndio watoke kwanza. Mdogo akitangulia kuoa, ni kutangaza kwamba mkubwa hayupo tena, na kinywa cha baba hakiwezi kutangaza hilo.

"Miye pia siwezi," Kambale akaniambia. "Na Kavira nilishindwa kumuambia, juu nikimuambia, mudomo yangu njo itakuwa imemuua."

Nikamwuliza kuhusu kitanda. Cha Paluku. Sahani, kikombe, taulo, vya Paluku. Na mabuti madogo? Kwa mara ya kwanza akatabasamu, tabasamu baya la mtu anayelia. "Paluku ni mufupi. Mama alikuwa anasemaka miye nilikula urefu yake."

Nikauliza swali la mwisho, ingawa nilishalijua. Kwa nini anahesabu watano?

"Ule siku, Paluku alinitoa mu hesabu," akasema. "Alisema iko moya, na tulikuwa babili. Sasa miye kila fasi niko, ninamurudisha."

Papa, nililia. Nililia pale kwenye Mlango wa Jehanamu, watalii wanapita na baiskeli wanatupungia mikono. Nililia kwa ajili yao wawili, halafu nikalia kwa ajili ya Kavira na kichwa chake kilichonyolewa. Nilimwambia Kambale nilichofanya. Nilitegemea anitukane. Alisema tu, "Basi njo sababu," akanisaidia kuinuka, akanikung'uta vumbi kwenye gauni. Tulipofika kwenye gari Mama Njeri alikuwa ameshakaa, amenuna. Kambale alisimama mlangoni, kidole hewani, akanitazama, akaona haya, akakishusha. Nikamwambia, "Hesabu." Akahesabu mpaka tano, ndipo akafunga mlango.

Usidhani nilimwamini palepale. Wewe ndiye uliyenizaa. Jumatatu nilimpigia Mama Kyakimwa aliyeko Kampala, yule mfanyabiashara wa kakao aliyekuwa akinunua mizigo Kamango. Sikumwambia sababu. Nilimwuliza tu kama anaikumbuka nyumba ya yule mzee, na ilikuwa na vijana wangapi. Akajibu bila kufikiri, "Babili. Wa mbele balimubeba ku shamba. Mufupi vile, mucheshi sana." Nikamwuliza kama wa pili ameoa popote. Akasema hajasikia. Nikazunguka tena mpaka Rongai, nikamwuliza mama mwenye nyumba, nikamwuliza na muuza maziwa. Hakuna mwanamke aliyewahi kuonekana pale isipokuwa mimi, na muuza maziwa alikuwa na mashaka juu yangu.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: ni mtu.

Sasa naomba mambo mawili. La kwanza, mpe Kavira barua hii aisome mwenyewe, kabla ya baba zangu wadogo. Kavira, mudogo yangu, kama macho yako yamefika hapa: nilikudanganya bila kujua kwamba nadanganya, na nilifanya haraka kwa sababu nilipenda kuwa na haki. Nisamehe. Nywele zitaota. Pokea simu yake, usimwulize chochote, mwache aseme akiweza.

La pili ni lako, Papa. Usitume tena mtu kuuliza mbuzi. Nenda mwenyewe Mutwanga kwa yule mzee, mchana, kwenye pikipiki ya mtu unayemjua, na uulizie njia kabla ya kutoka Beni. Usiende na ujumbe wa wakwe. Nenda kama anavyokwenda mtu kukaa na mwenzake, na umruhusu asimtaje Paluku kama hataki. Akishakuzoea, umwambie hivi: tunataka mbuzi mmoja atangulie, awe wa Paluku. Aingie uani kwetu kwanza, mbele ya wote wa Kambale, afungwe peke yake, asichinjwe, asiingizwe kwenye mahari. Tutamlisha mpaka mwenyewe aje kumwuliza. Hapo mdogo hatakuwa amempita mkubwa wake, na hakuna mzee atakayelazimika kutangaza neno. Sijui kama desturi inakubali. Lakini wewe ni mzee wa ukoo, na desturi nyingine ulizikunja mbele yangu kwa mambo madogo kuliko hili.

Nisalimie Mama, mshika nyumba, na umwambie shali la sufu liko ndani ya mzigo, asimpe mtu. Nisalimie baba zangu wadogo wote wawili, hasa Kakule mwalimu, ambaye najua ndiye anayesoma kwa sauti na anaruka sehemu asizozipenda. Baba Mdogo, soma yote. Nisalimie bibi Kahindo, mama yako, na umwambie bado nasali. Na Paluku wetu, mtoto wako wa kwanza wa kiume, ambaye hanipigii simu wala hajibu, mwambie nimekoma kumlaumu. Anipigie siku moja tu, aseme yuko, nisikie sauti yake inasema "niko", kisha akate kama kawaida yake.

Kumbuka bahasha, mishono kumi na miwili, uhesabu kweli kweli. Na siku mbuzi watakapoingia uani, ninyi mkiwa mmesimama mlangoni na baba yake Kambale anawatazama, wahesabu kwa sauti, Papa, asikie. Anza na yule wa mbele.

Ni mimi binti yako mwenye jicho baya,

Masika